Kunyamaza na Kuficha

Mtu akikuuliza, "Habari za nyumbani?" jibu la kwanza ni "Nzuri." Hata kama mtoto ni mgonjwa, hata kama ng'ombe alikufa jana, adabu yetu yataka mtu aanze kwa "nzuri", kisha alifuatishe neno dogo "ila", na nyuma ya neno hilo ndipo habari yenyewe ilipo. "Nzuri, ila mtoto hakulala." "Nzuri, ila mvua imetukimbia." Wageni wanaojifunza lugha yetu huona ajabu, na wengine husema kwamba sisi ni watu wa kuficha mambo. Kosa lao ni kwamba hawajajua kungoja "ila".

Katika insha hii nataka kueleza jinsi neno hilo lilivyoachwa kwa makusudi nyumbani kwetu kwa muda wa siku tisa, na swali ambalo tangu siku hizo sijaacha kulifikiri. Je, mtu aliyenyamaza amedanganya? Na iwapo hakudanganya, je, amekosa?

Jambo lenyewe lilihusu kiwavi. Hapana budi nianze kwa kumweleza mdudu huyo, kwa kuwa tabia yake ndiyo iliyotuwezesha kukosa.

Wazee wetu waliwajua viwavijeshi tangu zamani. Mvua zikianza kunyesha baada ya kiangazi, nondo hutaga katika nyasi, na baada ya siku chache viwavi weusi hutokea kwa maelfu, wakatambaa ardhini pamoja mfano wa askari. Ndiyo sababu ya jina lao. Shamba lililovamiwa na viwavi hao halina siri. Mpita njia huwaona, na watoto huwakanyaga wakienda shuleni. Mwenye shamba hawezi kusema "nzuri" akaishia hapo, maana msiba wake unatembea njiani mbele ya watu wote.

Kiwavi ninayemtaja mimi ni wa jamaa hiyo hiyo, lakini si mwenyeji. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Mwaka 2016 alionekana kwa mara ya kwanza barani Afrika, katika nchi za magharibi kama Nigeria, Benin na Togo, na mwaka 2017 ikathibitishwa kwamba amefika Kenya. Nondo wake ni mdogo, wa rangi ya kijivujivu, tena huruka usiku. Akisaidiwa na upepo aweza kwenda kilomita 100 katika usiku mmoja. Jike hutaga mayai kwa mafungu ya 100 hadi 200, akayafunika kwa manyoya ya mwili wake, na katika maisha yake mafupi aweza kutaga mayai 1,500 au zaidi. Siku mbili tatu baadaye mayai huanguliwa. Hapo ukiinua jani utaona vidudu vidogo mno, vikikwangua upande mmoja wa jani na kuacha utando mwembamba upenyao nuru kama kioo cha dirisha. Vingine hujitundika kwa uzi, kama afanyavyo buibui, vikapeperushwa mpaka mmea wa pili. Kisha huingia katika moyo wa mhindi, yaani pale katikati ambapo majani machanga huchomoza yakiwa yamejikunja, na humo hukaa. Wakikua hulana wenyewe kwa wenyewe, hata aghalabu hubaki mmoja tu katika kila moyo, ameketi peke yake kama sultani, akila jani kabla halijafunguka na kuuziba mlango kwa kinyesi chake kilicho mfano wa unga wa mbao. Ukimtoa utamtambua kwa alama nyeupe usoni, kama herufi Y iliyopinduliwa, na kwa madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia.

Kuna mambo mawili hapa ambayo msomaji ayaweke akilini. La kwanza ni kwamba mdudu huyu hatembei hadharani. Shamba laweza kuwa na maelfu yake, na mtu apitaye njiani asione ila kijani kitupu. La pili ni kwamba umri wake una maana kubwa. Kiwavi wa siku tatu au nne hufa kwa kidole, kwa jivu, au kwa dawa kidogo. Kiwavi wa siku kumi na mbili amekwisha kujifungia ndani, dawa haimfikii vizuri, na ndipo yuko karibu na siku zake za mwisho ambazo hula sehemu kubwa ya chakula cha maisha yake yote. Kwa hiyo mkulima aliyejulishwa mapema na mkulima aliyejulishwa baada ya wiki moja hawakupewa habari moja, hata kama maneno waliyoambiwa ni yale yale.

Mwaka huo wa 2017 nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Nilirudi nyumbani, Trans Nzoia, kwa likizo ya mwezi wa Aprili. Wasioijua sehemu hiyo wafahamu kwamba kwetu mahindi si chakula tu. Karo, mahari, gharama za mazishi, hata viatu vya sikukuu, vyote hupimwa kwa magunia. Tena mwaka ule ulikuwa mgumu. Ukame ulikuwa umeipandisha bei ya unga, hata mwezi wa Mei serikali ikalazimika kuingilia kati ili pakiti ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90.

Asubuhi ya pili baada ya kufika niliingia shambani. Mahindi yaliyopandwa mapema yalikuwa hayajafika gotini. Katika mstari wa tatu niliyaona yale madirisha ya kioo. Nilikuwa nimesikia redioni habari za kiwavi mgeni, basi moyo ulinidunda, nikamwita baba. Akafungua majani ya mihindi kumi, na katika minne mlikuwamo viwavi vyembamba kama uzi. Baba aliinuka, akatazama kulia na kushoto, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, jambo hili liishie hapa."

Sitaki msomaji amhukumu baba yangu upesi. Mfanyabiashara mmoja sokoni alikuwa amekubali kumkopesha mbolea ya kukuzia, alipwe wakati wa mavuno. Kama angalisikia kwamba shamba lina wadudu, asingalitoa hata mfuko mmoja. Na sehemu ya mavuno hayo ilikuwa imekwisha wekewa karo yangu. Basi kimya kile kilikuwa na faida, na faida ile ilikuwa yangu mimi kuliko mtu mwingine yeyote. Nilinyamaza.

Kila siku baba, mama na mimi tulitoka kabla ya jua, kila mmoja na mkebe wenye maji ya sabuni, na jioni tulirudi tena. Tuliponda mafungu ya mayai kwa vidole, tukaokota viwavi, tukatia jivu katika mioyo ya mihindi. Tulipendelea kuanza upande wa chini, mbali na njia. Nakumbuka tulivyoinama kila tuliposikia nyayo za mtu, mfano wa wezi ndani ya mali yao wenyewe.

Shamba linalopakana na letu lilikuwa la mjane mmoja, mtu wa rika la mama yangu. Kati ya mashamba hayo mawili pana ukingo wa nyasi ambao mtoto aweza kuuruka. Kila asubuhi alipita akienda kisimani, naye hakukosa kusimama.

"Shemeji, habari za shamba?"

"Nzuri," baba akasema.

Yule mama alingoja kidogo, kama adabu itakavyo. Baba hakuongeza neno. Akaenda zake, na kesho yake ikawa vivyo hivyo.

Siku ya kumi alikuja mpaka uani kwetu. Mkononi alikuwa na mhindi alioung'oa pamoja na mizizi yake. Akaupasua moyo mbele yetu, na kiwavi akaanguka chini, mnene, amekwisha shiba. Alitaka kutuonyesha, masikini, ili tukayaangalie mahindi yetu. Ndipo macho yake yalipokwenda ukutani, akaiona mikebe yetu mitatu imepangwa pamoja na ndoo ya jivu. Hakupiga kelele. Alinigeukia mimi, wala si baba. Tangu nilipoingia chuoni alikuwa akiniita mwalimu, kwa heshima tu, maana nilikuwa sijahitimu.

"Mwalimu," akasema, "mlijua lini?"

Sikuwa na jibu. Baba alisema kwamba nondo hana mpaka, anakwenda apendako, na maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Wakati wa mavuno sisi tulipata magunia 13 kwa ekari. Yeye alipata 6.

Nimekwisha jitetea mara nyingi ndani ya nafsi yangu, na nataka nizilete hoja zangu hadharani, kwa kuwa nadhani ndizo hoja ambazo kila mmoja wetu huzitumia. Hoja ya kwanza ni kwamba hatukumleta mdudu sisi. Hii haina uzito. Hakuna aliyesema kwamba tulimleta. Ya pili ni kwamba kazi ya kutangaza ni ya bwana shamba na ya serikali. Hii nayo naipita upesi, maana bwana shamba hakulijua shamba letu, na sisi tulilijua.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu. Ilikuwa yamkini kabisa kwamba siku ile tulipoona viwavi kwetu, mayai yalikuwa yamekwisha tagwa kwa yule mama pia, labda usiku ule ule, labda na nondo yule yule. Mdudu awezaye kuruka kilomita 100 hangojei ruhusa ya ukingo wa nyasi. Basi kama tungalisema au tusingalisema, viwavi wangalikuwamo shambani mwake. Na ikiwa neno langu lisingaliuzuia msiba, kulinyima neno hilo kumemdhuru nini?

Kwa muda mrefu hoja hii ilinipa usingizi. Siku hizi hainipi tena, na nitaeleza kwa nini. Ni kweli kwamba neno letu lisingalimzuia nondo. Lakini hatukumnyima kinga dhidi ya nondo. Tulimnyima siku tisa. Katika siku hizo viwavi vyake vilikuwa vyembamba kama uzi, na mikono yake miwili, pamoja na ya watoto wake, ingaliweza kufanya ile kazi tuliyoifanya sisi. Siku hizo zilikuwa mali yake, nasi tulizitumia kama kwamba ni zetu.

Haya, tuseme siku hizo zisingalimfaa kitu. Tuseme hana watoto wa kumsaidia, hana jivu wala sabuni, na shamba lingalikwisha hata kama angalijua siku ile ile. Je, hapo kimya chetu kingalikuwa halali? Kuna jambo ambalo sikulijua mpaka miezi mingi baadaye. Katikati ya siku hizo tisa yule mama aliweka vibarua wa palizi ya pili, akawalipa kwa fedha aliyoipata kwa kuuza mbuzi. Aliambia jamaa zake kwamba, angalijua, mbuzi yule asingaliuzwa. Angalingoja aone shamba linaelekea wapi. Huenda angaliamua vibaya, huenda vizuri. Lakini angaliamua yeye, macho yake yakiwa wazi. Sisi tuliomwona akiwaongoza vibarua shambani, na tukajua wanapalilia nini, tulikuwa tumeamua kwa niaba yake bila kumwambia. Naona kosa letu lilikuwa hapo hasa. Hasara ya magunia twaweza kuibishania mpaka jua litue, lakini mbuzi yule hana ubishi.

Baadaye, nikiwa mwalimu, nilisoma kwamba swali hili ni la kale sana, na kwamba watu wa kale nao walilijadili kwa mfano wa nafaka. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi aliyeitwa Cicero alimwandikia mwanawe, aliyekuwa mwanafunzi kule Athens, kitabu juu ya wajibu. Ndani yake anatoa kisa cha mfanyabiashara aliyepakia ngano Alexandria, Misri, akaipeleka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, chakula kikiwa ghali mno. Mtu huyo anajua kwamba merikebu nyingine nyingi zimejaa ngano ziko njiani nyuma yake. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, bei ishuke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa?

Cicero asema kwamba wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, walihitilafiana. Mwalimu alishikilia kwamba muuzaji hana budi kutaja kasoro za bidhaa yake kama sheria inavyoamuru, na asidanganye. Zaidi ya hapo hadaiwi kitu, kwa kuwa kunyamaza si sawa na kuficha. Hakuna mtu awezaye kulazimishwa kutoa kila ajualo. Mwanafunzi alikataa. Yeye aliona kwamba watu wamefungamana pamoja kwa maumbile yao, na manufaa ya wote ni manufaa ya kila mmoja, basi huwezi kuwazuilia wenzako jambo lililo karibu yao na la kuwafaa. Cicero mwenyewe aliamua kwamba mfanyabiashara asingalipaswa kuficha. Akaeleza kuficha ni nini: ni kutaka, kwa ajili ya faida yako, watu wasilijue jambo unalolijua wewe, ambalo wao lawahusu kulijua.

Nilipoyasoma maneno hayo niliweka kitabu chini. Tulijua. Lilimhusu. Tulifaidi. Sikuona pengo pa kutokea.

Nilipoleta kisa hiki darasani, bila kusema kwamba shamba lilikuwa letu, wavulana wengi walimuunga mkono Diogenes. Walisema mkulima hakuuza kitu, wala hakusema uongo. Ndipo msichana mmoja aliyekaa nyuma aliposimama, akauliza, "Mwalimu, huyo mama alipita kila siku akasalimu?" Nikasema naam. "Aliuliza habari za shamba?" Naam. "Basi hawakunyamaza. Waliulizwa, wakajibu." Akaketi. Darasa zima likacheka kwa jinsi alivyosema kwa kifupi, mimi sikucheka. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimejishughulisha na kimya, ilhali kimya hakikuwapo. Palikuwapo jibu, na jibu hilo lilikuwa nusu ya sentensi.

Walakini nadhani Diogenes alikuwa na haki kidogo, na si vyema kumfukuza. Mtu akitangaza kila ajualo huleta madhara yake. Mwaka ule ule wa 2017 habari zilipoenea, nyingine kweli na nyingine si kweli, watu walinunua dawa yoyote waliyoiona dukani wakapuliza bila kufunika pua wala mikono, hata juu ya mashamba yasiyokuwa na mdudu. Uvumi nao ni namna ya kiwavi. Basi sisemi kwamba mwenye habari akapande juu ya kichuguu apige mbiu. Yule mama hakuhitaji mbiu. Alihitaji mtu wa kumwambia, "Shemeji, njoo uone hiki," na kumwonyesha jani. Jambo lililoonekana kwa macho, kwa mtu linayemhusu, kabla siku hazijapita. Hatukudaiwa zaidi ya hapo.

Na ule mkopo wa mbolea je? Hii ndiyo sehemu inayonitaabisha. Mfanyabiashara wa Rhodes angalipungukiwa na faida. Baba yangu angalipungukiwa na mbolea, na mimi na karo. Kumdai maskini ukweli uleule unaodaiwa kwa tajiri kwaonekana kama ukatili. Nakiri kwamba umaskini huipunguza lawama. Sidhani huiondoa, kwa sababu hapakuwa na maskini mmoja tu katika kisa hiki. Yule mjane alikuwa maskini kutupita, na sisi tulimtwika yeye gharama ya haya zetu. Tena, mtu aweza kuuliza, kwani kumwambia yeye ni kumwambia mfanyabiashara? Tungaliweza kumwomba asiseme sokoni. Hatukumwomba, kwa kuwa tulimdhania ni mtu asiyeweza kutunza neno. Baada ya kumnyima habari tulimvunjia na heshima moyoni mwetu, naye hakujua hata hilo.

Nimetaja haya zetu, na hapa lawama haiwezi kubaki nyumbani kwetu peke yake. Msimu uliotangulia, bwana mmoja wa upande wa mtoni aliliwa mahindi yake na funza wa mabua, wale wanaotoboa shina likavunjika kwa upepo. Wadudu hao huweza kuingia shamba lolote, la mvivu na la mwenye bidii. Lakini kijiji kilimcheka. Wengine walisema anapanda kama anavyokunywa. Wengine wakanong'ona kwamba amerudiwa na kiapo. Mimi nilicheka pamoja nao, na baba alikuwapo akasikia jinsi watu wanavyomzungumza mtu aliyepatwa. Mwaka uliofuata msiba ulipoingia kwake, alikuwa amekwisha jifunza somo lake. Methali husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini methali hiyo humwonya mfichaji kwa ajili ya nafsi yake tu, wala haisemi neno juu ya jirani yake, wala juu ya wale waliomfundisha kuficha. Nafikiri kila kijiji kinachomcheka mtu wa kwanza kupatwa kinajifungia macho yake chenyewe. Kiwavi mwenyewe hana hatia katika haya; anakula alichokikuta.

Kiwavi huyu hajatoka nchini wala hatoki. Siku hizi mashambani watu wamejifunza mengi. Wataalamu wa ICIPE, ambao wana kituo Mbita kando ya Ziwa Victoria, walionyesha kwamba mahindi yakipandwa pamoja na desmodiamu katikati ya mistari, na majani ya ng'ombe aina ya brakiaria yakazunguka shamba, harufu ya desmodiamu humfukuza nondo na yale majani ya kando humvuta nje. Mwaka 2018 walitangaza kwamba katika mashamba waliyoyachunguza njia hiyo iliwapunguza viwavi kwa zaidi ya asilimia 80. Yule mama ameipanda, na ng'ombe wake anafaidi majani. Lakini hata mwenye desmodiamu hana budi kuamka mapema kufungua majani, maana asilimia iliyobaki nayo hula.

Baba hakumwomba radhi kwa maneno. Watu wa umri wake hawakuzoea. Mwaka wa pili alimpelekea mbuzi jike, akasema ni wa kufugishwa tu, na kila mtu akaelewa. Mama yule alimpokea, akamwita kwa jina la siku ya soko aliyouzwa yule wa kwanza. Sijui kama hilo lilikuwa msamaha au ukumbusho. Mimi sikumjibu swali lake, na nilipojaribu kulijibu mwaka huo wa pili alinikatiza akaniuliza habari za chuo.

Mwezi wa Mei uliofuata niliamshwa alfajiri na mtu anayebisha. Nilipofungua alikuwa yeye, amejifunika kanga kwa baridi, na umande umemlowesha mpaka magotini.

"Shikamoo, Mama. Habari za asubuhi?"

"Marahaba, mwalimu. Nzuri," akasema, akanyosha mkono wake wenye jani la hindi, "ila nimeona haya jana jioni, na giza lilikuwa limekwisha ingia. Mwamshe baba."